Kidude cha Nchi za Theluji

Wanaume watatu walikuwa wameinamia injini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya kazi. Mutindi aliwatazama kutoka mlango wa jikoni, sinia la chai mkononi, akaona makalio matatu yamepangwa mbele ya pikapu kama magunia ya ndengu yanayosubiri kupimwa. Katikati alikuwa Kisilu, mumewe. Kulia alikuwa Kiema, aliyekuwa na bucha mjini Sultan Hamud na ambaye asubuhi hiyo alikuwa amewaachia nzi kazi ya kuhudumia wateja. Kushoto alikuwa Mwalimu Mwangangi wa jiografia, mtu asiyeweza kusema hata habari ya kuchemsha yai bila kutanguliza neno "kitaalamu".

"Nyamazeni, inaongea," Kisilu alisema.

Alikuwa amechomeka pini ya nywele ya mkewe kwenye vitundu viwili vya kisanduku cha nyaya. Ndani ya gari, taa ndogo ya injini ikaanza kukonyeza. Kisilu alikimbilia dirishani, akahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mbili, halafu moja. Ishirini na moja!"

"Ishirini na moja maana yake nini?" Kiema aliuliza.

"Ni sensa ya kuonja moshi. Petroli yetu ina madini ya risasi ndani, imeiua. Hiyo si kitu."

"Kitaalamu, si kitu," Mwalimu alikubali.

"Kama si kitu, mbona gari linatoa moshi kama tanuri la matofali?" Mutindi aliuliza, akiweka sinia juu ya debe.

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wameona chai.

Pikapu hiyo ilikuwa imebeba mboga miaka mingi bila kumsumbua mtu. Ilikuwa polepole, lakini ilifika. Kisha Kisilu akapunguzwa kazini, akakaa nyumbani akisoma majarida ya magari, na siku moja akashuka Mombasa akarudi na injini ya turbo iliyotolewa kwenye gari la mashindano la kijana fulani wa Kijapani. Injini ya zamani akaitoa kama sehemu ya malipo. Hii mpya ilikuja na kompyuta yake, na juu ya kompyuta kijana yule alikuwa ameongeza kisanduku chenye nobu tatu, kama za redio, za kuongeza au kupunguza petroli. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Fundi mmoja wa Nairobi alijitolea kuirekebisha. Kisilu alikataa. Alisema mwanamume hampelekei mwanamume mwenzake kompyuta yake; atajifunza mwenyewe.

Na kweli alikuwa amejifunza. Hilo ndilo lililomkera Mutindi zaidi. Mjinga mtupu angemsamehe.

Kiema alimimina maziwa. Jagi lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa Mutindi alikuwa ameweka kipande cha shaba chenye springi, ili upepo usikipeperushe.

"Hiki nini, mama Ndinda?"

"Muulize mwenyewe. Kilitoka humo ndani."

"Ah, thamostati," Kisilu alisema. "Nilikitoa siku ya kwanza. Ni kidude cha nchi za theluji. Kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sasa huku Ukambani nani anatafuta moto?"

Wakacheka. Hakukuwa na gari mjini ambalo halikuwa limetolewa kidude hicho. Kila fundi alikitoa kabla hata ya kuuliza gari linaumwa nini, naye mwenye gari akampa asante.

"Jumanne tunapanda shuleni," Mutindi aliwakumbusha. "Mwalimu mkuu amesema hii ni mara ya mwisho."

"Jumanne itakuwa inaimba," Kisilu alisema, akiufikia mkate.

*

Shule yenyewe ilikuwa ya wasichana, ya bweni, juu kwenye milima ya Kilungu. Mutindi aliipelekea kabichi, nyanya na sukuma kutoka Kiboko, na mboga hizo ndizo zilizokuwa karo ya Ndinda, bintiye aliyekuwa kidato cha tatu. Hapakuwa na karo nyingine. Siku mboga zingekataliwa, ndiyo siku Ndinda angeteremka mlima na sanduku lake.

Juma lililotangulia, mwalimu mkuu, Bi Muthoki, alikuwa amemwita jikoni mwa shule, akachukua kabichi moja, akaikata katikati, akampa nusu.

"Nusa, mama Ndinda."

Mutindi alinusa. Wapishi walikuwa wamesimama pembeni, wamekunja mikono.

"Inanuka nini?"

"Petroli, mwalimu."

"Na masizi haya kwenye nyanya? Wasichana wangu wamekataa kula. Tuliwapa ng'ombe, nao wakakataa. Gachanja ana lori. Amekuja hapa mara mbili kuomba hii kazi, na kabichi zake zinanuka kabichi. Wiki ijayo nitanusa tena. Zikinuka, basi."

Alipokuwa akitoka, alimkuta Ndinda karibu na matangi ya maji. Msichana hakumkumbatia. Alitazama kwanza nyuma yake.

"Mwaitu, mama yangu, usiegeshe hapa mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Wananiita Ndinda wa Petroli."

"Nani?"

"Wote."

Mutindi alirudi garini. Kisilu alikuwa ameketi kwenye usukani, miwani puani, akizungusha nobu ya kati.

"Bintiyo amepata jina jipya," alimwambia.

*

Kisilu alishika kazi. Kila asubuhi aliendesha pikapu tupu kwenye barabara kuu kwenda Emali na kurudi, akizungusha nobu kidogo, akisimama kuchomoa plagi na kutazama rangi yake. Nyeusi, akapunguza petroli. Nyeusi bado, akapunguza tena. Alinunua petroli yake kwa Kalunde, mjane aliyekuwa na kibanda kando ya barabara. Kalunde alijaza mapipa kituoni kwa mkokoteni wake wa punda, akauza kwa mitungi kwa wale wasiotaka foleni.

"Baba Ndinda, wewe unakunywa hii petroli ama unapikia?" Kalunde alimtania.

"Nafanya utafiti, mama."

"Haya. Utafiti unalipa vizuri kuliko wateja."

Ijumaa moshi ulikoma. Jumamosi plagi zilitoka na rangi ya chai ya maziwa, kama jarida lilivyotaka, na Kisilu akazunguka nazo mjini akiwaonyesha watu plagi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Kiema alifunga bucha kwa heshima ya tukio hilo.

Jumapili kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, Kisilu alisimama. Mutindi alishika Biblia yake kwa nguvu, akatazama sakafu.

"Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mimi sikusomea kompyuta. Wataalamu wa Nairobi walinicheka. Lakini Mungu alinifungua macho, nikaingia ndani ya kompyuta, nikaona tatizo, nikalitoa!"

"Amina!" Kiema alipaza sauti, ingawa yeye hakuwa mshirika wa kanisa lile, alikuja kusikiliza ushuhuda tu.

Mwanamke aliyeketi nyuma ya Mutindi alimgusa bega. "Una bahati, dada. Wangu hawezi hata kubadilisha betri ya tochi."

Mutindi alifikiri kuwa asiyeweza kubadilisha betri ya tochi angalau hakuwahi kunukisha kabichi petroli, lakini alikuwa kanisani, kwa hiyo alitabasamu.

*

Jumanne walipakia mpaka springi zikalala. Kwenye tambarare pikapu ilikwenda vizuri, hilo Mutindi alilikubali. Hakuna moshi. Aliteremsha kioo, akageuka kunusa mzigo, akasikia harufu ya kabichi.

"Umesikia?" Kisilu aliuliza.

"Nimesikia."

"Sema basi."

"Nitasema tukifika."

Mlima ulianza. Barabara ya udongo ilipinda na kupinda tena, na Kisilu akashuka gia ya pili, turbo ikipiga mluzi. Mutindi aliona mshale wa joto. Tangu injini ile ije, mshale huo ulikuwa umelala chini kabisa kama mgonjwa aliyekata tamaa. Sasa ulikuwa ukiinuka, taratibu, mpaka ukasimama katikati.

"Umeamka huo," alisema.

"Vizuri. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa. Injini imechangamka."

Walikuwa wamevuka kona mbili zaidi pale mlio ulipoanza. Ulikuwa kama maharagwe makavu yanayotikiswa ndani ya mkebe.

"Simama, baba Ndinda."

"Ni mawe ya barabarani."

"Mawe yako chini. Hii iko mbele. Simama!"

"Nikisimama hapa sitaondoka tena na mzigo huu! Wewe unajua nini kuhusu injini?"

Akakanyaga. Pikapu ilirukia mbele, ikapiga kishindo kimoja, na boneti ikafuka moshi wa buluu. Kisha kukawa kimya. Kichakani ng'ombe alilia.

Kisilu hakushuka mara moja. Alikaa akiutazama mshale. Mutindi, aliyekuwa amejiandaa kwa visingizio, alishangaa kuona uso wa mumewe ukibadilika, midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayerudia hesabu na kupata jibu lilelile asilolitaka.

"Maji yamepata moto," alisema hatimaye, si kwa mkewe. "Ilikuwa inadhani ni baridi. Siku zote hizi. Na mimi nikapunguza... Ai, Mutindi. Kile kidude cha kwenye maziwa."

"Kimefanya nini?"

Akatikisa kichwa, akashuka, akaenda kuketi juu ya jiwe.

Lori la Gachanja liliwakuta hapo. Gachanja alisimamisha, akatoa kiwiko nje. Alikuwa mtu mnene, mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Pole, mama. Nipakie hizo kabichi? Nitazifikisha."

"Kwa jina la nani?"

"Jina ni jina tu, mama. Kabichi ni kabichi."

"Basi pita, Gachanja. Usiunguze klachi kwa ajili yangu."

Mutindi alipanda kwa miguu mpaka boma la kwanza, akamkuta mzee mwenye mkokoteni wa ng'ombe, akamwahidi gunia zima la kabichi. Waliingia shuleni wakati wasichana wanatoka madarasani, ng'ombe wawili mbele, Mutindi nyuma akisukuma, viatu vyake vya kanisani vimejaa vumbi. Safari hii Ndinda hakutazama nyuma yake. Alikuja akasukuma na yeye.

Bi Muthoki alikata kabichi. Akanusa. Akanusa tena, muda mrefu, na wapishi wakangoja.

"Inanuka kabichi," alisema. "Mmechelewa, na chakula cha mchana wamekula kikavu. Lakini niletee namna hii, mama Ndinda. Kwa ng'ombe, kwa kichwa, sijali. Jumanne ijayo kabla ya saa sita. Na lile gari lenu nisilione getini."

*

Pikapu ilivutwa hadi nyumbani kwa trekta, na kabla haijaegeshwa Kiema na Mwalimu walikuwa wamekwisha fika, kama watu wanaofika matangani kuwahi viti. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, wote waliona pistoni yenye tundu. Kidole cha Kiema kiliingia na kutokea upande wa pili.

"Kitaalamu, hii imesababishwa na nini?" Mwalimu aliuliza.

Mutindi alikuwa dirishani. Alimwona Kisilu akifungua mdomo, akiufunga, akifuta mikono.

"Petroli," Kisilu alisema. "Petroli ya Kalunde. Ina maji."

"Nilijua!" Kiema alisema. "Yule mama namtilia shaka siku nyingi."

"Ungewezaje kushindana na petroli ya maji? Hata Mjapani mwenyewe angeshindwa," Mwalimu alisema. Wakamfariji Kisilu kwa muda mrefu, na chai ikaisha.

Mutindi alidhani ni maneno ya wanaume, yatapotea na vumbi. Aliwaza Jumanne. Mzee wa mlimani hakuweza kuteremsha ng'ombe mpaka mjini. Mtu pekee Sultan Hamud aliyekuwa na mkokoteni imara na punda wanne wa kuupandisha mlima alikuwa Kalunde. Siku ya tatu akajifunga leso, akaenda kibandani.

Mapipa yalikuwa yamejaa. Mitungi ilikuwa imepangwa safu nzima, hakuna hata mmoja uliouzwa. Kalunde alikuwa akichambua mbaazi na hakuinua macho.

"Kalunde, nimekuja kukodi punda."

"Punda wangu?" Kalunde alitupa punje mbovu. "Hapana, mama Ndinda. Mtu anayetia maji kwenye petroli anaweza kutia hata kwenye punda. Wakifia njiani utasema nini?"

"Nani amekuambia hivyo?"

"Nani hajaniambia? Mwalimu ameyasema mbele ya darasa. Mchinjaji anayasema akipima nyama. Jana pikipiki ya kanisa imepita hapa ikaenda kupanga foleni kituoni. Mimi nina watoto, Mutindi. Nimeuza hapa tangu bwanangu alipokufa, na hakuna mtu amewahi kunirudishia hata kikombe."

Mutindi alisimama na aibu isiyokuwa yake, akiivaa kwa sababu mwenyewe, Kisilu, alikuwa ameiacha barazani.

"Akija akasema ukweli, utanipa punda?"

"Akija yeye. Si wewe. Na aje wakiwepo hao wenzake."

*

Alimkuta Kisilu mezani na majarida yake. Alikiinua kile kidude cha shaba kutoka kwenye jagi, akakiweka juu ya ukurasa aliokuwa akisoma.

"Kule mlimani ulisema kidude cha kwenye maziwa. Nieleze."

"Ni mambo ya kiufundi, mama Ndinda."

"Mimi nina masikio ya kiufundi. Nieleze, ama mweleze Ndinda mwenyewe kwa nini anarudi nyumbani na sanduku. Punda ni wa Kalunde, na hawatoi mpaka useme ukweli mwenyewe."

Kisilu alikigeuza kile kidude kwa vidole. Springi ilikuwa na ukoko wa maziwa.

"Watanicheka."

"Ndiyo."

Alingoja labda mkewe aongeze neno la kumpoza. Mutindi alikuwa amekwisha chukua leso yake.

Kibandani walikuwapo Kiema na Mwalimu, kwa kuwa Mutindi alikuwa amewapitia akawaambia kuna mjadala wa injini, na mjadala wa injini ungewatoa hata kaburini. Kisilu alisimama mbele ya mapipa.

"Petroli ya huyu mama haina neno," alisema. "Ni mimi."

"Wewe vipi?" Kiema aliuliza.

Kisilu alikiinua kidude. "Kompyuta inapima joto la maji. Maji yakiwa baridi, inamimina petroli ya ziada, kama mtu anayewasha jiko la makaa asubuhi. Mimi nilitoa hiki. Kwenye tambarare maji yakawa hayapati moto hata kidogo. Kwa hiyo kwake ilikuwa asubuhi siku nzima, inamimina tu. Ndiyo ule moshi. Mimi nikaona petroli imezidi, nikaipunguza kwa nobu. Kule mlimani, na mzigo, maji yakapata moto mara ya kwanza. Kompyuta ikaacha kumimina ile ya ziada. Ikabaki yangu, niliyopunguza. Ikawa kidogo mno. Pistoni ikaungua."

Mutindi, ambaye kwa miezi alikuwa amesikia habari za injini ile bila kuelewa neno, aligundua kuwa ameelewa kila kitu. Ikamuudhi kwamba mumewe angeweza kuongea hivyo siku zote.

"Yaani," Kiema alisema polepole, "ungeacha hicho kidude mahali pake, usiguse kompyuta hata kidogo..."

"Ingekwenda vizuri tu."

Kiema alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika pipa. Mwalimu Mwangangi hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Lakini kitaalamu," alisema, "huku kwetu ni joto."

"Ni joto, ndiyo," Kiema alikubali, akifuta machozi.

"Basi kwa nini mtu aweke kidude cha nchi za theluji?"

Kisilu alimtazama, akamtazama Kiema, na kwa mara ya kwanza Mutindi aliona mumewe akiwaona watu hao kama yeye alivyowaona siku zote.

Kalunde aliinuka, akakung'uta maganda ya mbaazi.

"Nimesikia. Punda Jumanne utawapata alfajiri, Mutindi. Na wewe, baba Ndinda, petroli yangu haina neno?"

"Haina, mama."

"Basi nunua."

"Gari limekufa, mama Kalunde."

"Mimi sikuuliza gari."

Akajaza mtungi mkubwa mpaka shingoni, akaufunga kwa mfuko wa nailoni. Kisilu alilipa, akauinua. Hapakuwa na njia nyingine ya kwenda nyumbani isipokuwa kupita katikati ya mji, mbele ya kituo cha magari, mbele ya bucha, mbele ya kanisa ambako akina mama wa ushirika walikuwa wameanza kukusanyika kwa kikao. Alikwenda ameinama upande mmoja, mtungi ukimgonga gotini, na watu waliokuwa wamesikia ushuhuda wake wakamsalimia na kumuuliza anaipeleka wapi petroli. Kila mmoja alimjibu. Mutindi alitembea nyuma yake, si mbali sana, kwa hatua zake za kawaida, na hakumpokea mzigo.

Nyumbani Kisilu alisukuma mlango kwa bega.

"Niuweke wapi?"

"Nje," Mutindi alisema, akitandaza kitambaa juu ya jagi la maziwa na kutafuta jiwe la kukizuia. "Na hicho kidude kioshe."